Shaba ya kwetu katika mji wa wengine: siku moja ya baridi Bruxelles



Pale Place du Trône, katikati ya Bruxelles, Mfalme Léopold II amekaa juu ya farasi tangu 1926. Sanamu ni kazi ya Thomas Vinçotte. Watu wanapita, wanaona mfalme na ndevu zake, kiisha wanaendelea na njia yao. Lakini pale chini kuna maandishi madogo yanayosema kwamba shaba na bati ya sanamu ile vilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Bure! Sisi tuliokomalia Lubumbashi, tukiona kila siku bomba la moshi la kiwanda na ule mlima mweusi kando yake, tunajua kwamba shaba haiokotwi njiani. Kuna mtu aliichimba, kuna mtu aliiyeyusha, kuna mtu aliibeba mpaka kwenye treni. Yule aliyeitoa bure si yule aliyetoka jasho.

Nilifika pale siku moja katikati ya Januari, pamoja na rafiki yangu aliyenitangulia promosheni mbili kwenye fakulte ya agronomia. Namwita Yaya kwa heshima. Yeye anaishi Bruxelles, mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo mafupi na nilibakiwa na siku moja tu ya kutembea. Nikamwambia anionyeshe mji, lakini kwa macho ya Mkongo. Akacheka, akanipa manto yake ya zamani, tukatoka.

Baridi ya kule ni ingine. Jua linatoka karibu 8h40, na ikifika 17h00 limekwisha. Kwetu Januari ni mvua, mahindi yako shambani yanapanda. Kule miti yote iko uchi mpaka mgeni anafikiri imekufa. Mtu wa kilimo lazima ajikumbushe kwamba imelala tu.

Mbele ya ile sanamu nilimuuliza:

— Yaya, batu ba huku banajua hii shaba ilitoka wapi?

— Mudogo, banapitaka hapa kila siku, lakini habasomake. Na sisi pia, wengi hatusomake.

Hilo neno lake la mwisho lilitufuata siku nzima.

Mnakumbuka kwamba mwaka 2020 sanamu za Léopold II zilimwagiwa rangi nyekundu, na wengi wakaomba ziondolewe. Tarehe 30 Juni ya mwaka ule Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi barua ya kusikitika kwa mateso ya zamani. Mimi nilimwambia Yaya kwamba kama mfalme mwenyewe amesikitika, farasi anangoja nini kushuka? Yeye hakukubali. Anasema wakiondoa sanamu, yale maandishi ya shaba yataondoka nayo, na ushahidi wetu utalala kwenye depo. Yeye anataka yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko farasi. Hatukumaliza huo mjadala, na sidhani ni lazima tuumalize haraka.

Ukitembea dakika chache unafika Porte de Namur. Pale tangu 30 Juni 2018 kuna uwanja mdogo unaoitwa Square Patrice Lumumba. Ni mdogo kweli; magari yanapita, watu wanangoja basi. Nyuma yake tu inaanza Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Wanafunzi Wakongo wa zamani walikuwa na nyumba yao karibu na pale, Maison africaine, na kidogo kidogo maduka, saluni na wauza nguo wakafuata. Ukiingia kwenye galeri ya Ixelles unasikia Kilingala, Kiswahili, Tshiluba. Tulikula bukari na sombe saa ambayo Wabelgiji walikuwa bado kwenye mkate wa asubuhi. Yaya anasema wakati wa baridi hiyo njo dawa yake.

Kutoka pale tukachukua metro mpaka Merode, kuona matao makubwa ya Cinquantenaire. Yalimalizika 1905, Ubelgiji ilipotimiza miaka 75 ya uhuru. Ni mazuri, siwezi kuwadanganya. Lakini feza ya kuyajenga ilitoka kwa Léopold II, ikipita nyuma ya majina ya matajiri waliojionyesha kama watoaji, na Léopold wakati ule alikuwa akikula matunda ya Dola Huru ya Kongo. Emile Vandervelde, mwanasiasa wa kisosialisti, aliyaita matao ya mikono iliyokatwa.

Hapa niruhusuni niongee kidogo kama mtu wa kilimo, kwa sababu historia ya mpira mara nyingi inasimuliwa kama habari ya ukatili tu, bila kuangalia mmea wenyewe. Mpira wa Dola Huru, kati ya 1885 na 1908, kwa sehemu kubwa haukutoka kwenye mashamba ya hevea. Ulitoka kwenye mitambaa ya porini, jamii ya Landolphia, inayopanda juu ya miti ya msitu. Mtambaa unakua polepole. Ukiukata vibaya ili utoe utomvu haraka, unakufa. Sasa kijiji kinapewa hesabu ya kilo za kuleta, na askari wa Force Publique wako nyuma. Watu wanamaliza mitambaa ya karibu, wanakwenda mbali zaidi, wanalala msituni siku nyingi. Nani anabaki kulima? Nani anapanda mihogo kwa wakati wake? Wake zao wanashikwa mateka mpaka mpira ufike. Basi njaa inaingia, na nyuma ya njaa magonjwa. Bunduki na kiboko viliua, lakini kalenda ya kilimo iliyovunjwa iliua pia. Sisi tunaojifunza majira ya kupanda tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa hilo.

Kutoka Montgomery tulipanda tramu 44. Inapita ndani ya msitu wa Soignes mpaka Tervuren. Njia yenyewe ilianzia kwenye maonyesho ya 1897, Léopold alipotaka Wabelgiji waje kuona koloni lake. Mwaka ule Wakongo 267 waliletwa Tervuren. Walijengewa vijiji kando ya maji, wazungu wakaja kwa maelfu kuwaangalia sawa vile mtu anaangalia nyama wa porini. Ilikuwa majira ya joto, lakini ya mvua na baridi. Watu saba walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Tulikwenda kwanza kwenye makaburi yao, kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana Mwinjilisti. Ni mawe saba tu, ya kawaida. Hakuna foleni ya watalii. Tulisimama, Yaya akasoma majina kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita wanafunzi. Mimi nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili na bado sikusikia vidole. Nikawaza watu waliokuja kutoka kwenye joto la Kongo wakalala hapa, wasirudi. Kwetu mtu akifa mbali familia inauliza: nani alimzika, nani alimlilia? Kwa hawa saba swali bado liko wazi.

Jumba la makumbusho lenyewe ni kazi ya Charles Girault, yule yule aliyechora matao ya Cinquantenaire. Lilifunguliwa 1910, miezi michache baada ya Léopold kufa. Lilifungwa 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018 likiwa na maelezo mapya. Ndani kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Miaka mingi ukuta ule ulisema peke yake. Sasa msanii wetu Freddy Tsimba ameweka kwenye vioo vya dirisha, ngʼambo ya ukuta, majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji. Jua likipiga, vivuli vya majina yetu vinaanguka juu ya majina yao. Siku ile jua la Januari lilikuwa dhaifu, linakuja na kupotea. Tulingoja. Lilipotoka kidogo, herufi zikaonekana kwenye ukuta, kiisha wingu likazifuta. Kikundi cha watoto wa shule kilipita bila kuona kitu, kwa sababu wakati wao jua halikuwepo.

Tervuren si vinyago na okapi tu. Nyuma ya vyumba vya watalii kuna archivu, na kuna mkusanyiko wa mbao wenye vipande zaidi ya 80,000, vingi kutoka misitu ya Afrika ya kati. Upande wa kaskazini wa Bruxelles, bustani ya mimea ya Meise inatunza mimea iliyokaushwa karibu milioni 4, na Kongo ina sehemu kubwa ndani yake. INEAC, ile taasisi ya kilimo iliyoanzishwa 1933 na kufanya Yangambi ijulikane dunia nzima, ilitoa vitabu na ramani zake za udongo Bruxelles. Mwanafunzi wa kwetu anayetafuta udongo wa teritwari yake mara nyingi anazunguka bila kupata karatasi, na kumbe kazi ilifanyika kabla baba yake hajazaliwa.

Tuliporudi mjini giza lilikuwa limeshuka. Tuliingia mahali tupate joto, tukaagiza kahawa. Yaya akaniuliza: “Unajua robusta ilibatizwa wapi?” Nilijua, ila nilimwacha asimulie kwa sababu anapenda. Mti ule, Coffea canephora, ni wa misitu yetu. Karibu 1900 nyumba moja ya biashara ya miche hapa Bruxelles, L'Horticole Coloniale, ilipokea mbegu kutoka upande wa Lomami, ikauza miche kwa jina la Coffea robusta. Mwaka 1901 miche ilifika Java, mahali kutu ya majani ilikuwa imeharibu arabika. Ikashika, ikaenea. Leo dunia nzima inasema robusta, na wachache wanajua neno Lomami.

Mwisho tulipanda Mont des Arts, kwenye Palais des Congrès ya zamani. Hapo hatukuwa tena kwenye habari ya shaba na mpira, tulikuwa kwenye habari ya uhuru wenyewe, na uhuru wetu pia ulikatwa wakati wa baridi. Table Ronde ilianza tarehe 20 Januari 1960. Lumumba hakuwepo: alikuwa ameshikwa kwa sababu ya machafuko ya Stanleyville, na siku zile zile akahukumiwa miezi sita na kupelekwa gerezani Jadotville, Likasi ya leo. Wajumbe Wakongo, hata wapinzani wake, wakadai aachiliwe. Akafika Bruxelles tarehe 26, na alama za pingu kwenye mikono. Kesho yake, tarehe 27, siku ya uhuru ikapangwa: 30 Juni. Kwenye Hôtel Plaza, Kabasele na African Jazz wakapiga Indépendance Cha Cha. Hata leo tunaicheza.

Lakini kulikuwa na Table Ronde ya pili, ya uchumi, kati ya Aprili na Mei, na hiyo hakuna anayeicheza. Wakubwa wa vyama walikuwa kwenye kampeni ya uchaguzi. Wengi wa waliotumwa walikuwa vijana na wanafunzi, mbele ya wataalamu wa benki na makampuni. Inchi yetu wakati ule ilikuwa na wenye diploma ya chuo kikuu ambao hawakufika hata 30. Lovanium ilikuwa ya 1954 na chuo cha Élisabethville, UNILU ya leo, cha 1956. Tarehe 17 Juni 1960, siku 13 kabla ya uhuru, sheria ya Ubelgiji iliruhusu makampuni ya koloni kuchagua kuwa ya Kibelgiji. Bendera ilipopanda, sehemu kubwa ya mali ilikuwa imeshahama kwenye makaratasi.

Siwalaumu wale vijana. Walikuwa wa umri wetu, wakapewa mafaili ambayo hakuna aliyewafundisha kuyasoma. Ila sisi leo hatuko 30. Kila mwaka tunatoka kwa maelfu kwenye vyuo, na bado mikataba ya migodi, misitu na kaboni inasainiwa bila sisi kuisoma, hata pale inapotangazwa kwa umma. Tunangoja mwingine atufasirie. Na yule anayetufasiria atatuambia kwamba kitu kilitolewa bure.

Ndiyo maana naomba tufanye kitu kimoja kidogo. Yule aliye Ulaya kwa masomo, apite Tervuren au Meise, aulize kuhusu teritwari yake, apige picha anachoruhusiwa, atutumie. Yule aliye inchini, asiseme hana kazi katika hilo. Wazee waliofanya kazi Gécamines, au kwenye mashamba ya INERA na kahawa, wanaondoka mmoja mmoja, na majina ya wenzao hayako kwenye ukuta wowote. Mimi nimeanza na mtaa wetu, Lubumbashi, chini ya ule mlima mweusi. Daftari yangu ina majina 14 mpaka sasa. Ya kwenu?