Kofia ya chui na tarehe ya 1885



Juma lililopita mama mmoja aliyekimbia vita aliniuliza swali, nami sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: «Mwanangu, kila mkubwa anayekuja kututembelea anasema lugha yetu, anavaa kikwembe chetu, anajiita mtoto wa kweli wa udongo huu. Akiisha kuondoka, twamsikia redioni akisema maneno mengine. Wa kweli tutamjuaje?» Mimi nilisoma sheria chuoni, lakini swali kama hilo halina kifungu chake. Nimeona afadhali tulijibu kwa historia ya inchi yetu wenyewe, kwa maana neno «asili» lilikwisha kututawala.

Mnakumbuka, ninyi wazee. Mobutu alichukua utawala tarehe 24 Novemba 1965. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaire. Januari 1972 yeye mwenyewe akaliacha jina la Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Siasa hiyo waliiita authenticité, ndiyo kusema kurudia asili. Kravati ikakatazwa, wanaume wakavaa abacost; wanawake wakakatazwa suruali. Hakuna tena Bwana wala Bibi, kila mtu akawa «citoyen». Baba yangu aliondoka asubuhi kwenda shule na jina moja, akarudi na jingine. Mpaka leo karatasi yake ya ubatizo na karatasi zake za serikali hazipatani, nasi watoto ndio tunaohangaika nazo ofisini.

Tusimwonee mtu. Neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake. Watu waliofundishwa na wakoloni kuona haya juu ya majina ya babu zao walisikia raha kuambiwa kwamba majina hayo ni mema, na wengi hawakuyaacha hata baada ya amri kwisha. Ndiyo maana neno lilikuwa na nguvu. Uongo mtupu haupati wafuasi wengi namna hiyo.

Shida ilikuwa kwamba asili iligeuka kuwa vazi la mtu mmoja. Kila jioni, kabla ya habari za televisheni, sura ya Mobutu ilionekana ikishuka kutoka mawinguni, na kofia yake ya ngozi ya chui. Vikundi vya animasyo vilimwimbia na kumchezea. Kardinali Malula, aliyekataa kulazimishwa katika jambo hili, alinyang'anywa nyumba yake, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa mwaka 1972. Na wakati huo huo abacost za bei kubwa zilishonwa Ubelgiji! Mwenye kuhubiri asili alikuwa na jumba lake kando ya bahari kule Ufaransa, na huko Gbadolite uwanja wa ndege ulipokea hata Concorde, wakati mwalimu wa kijiji akingoja mshahara usiofika.

Sasa sikilizeni habari ya mwaka 1990. Mwezi wa Januari Mobutu alitangaza kwamba anataka kusikia maoni ya raia. Watu wakaandika. Alipokea barua za maoni zaidi ya 6,000, nyingi zikimwambia waziwazi kwamba mambo yameharibika. Tarehe 24 Aprili, kule N'Sele, akatangaza mwisho wa chama kimoja. Akalia mbele ya watu, akawaomba waelewe uchungu wake. Je, machozi yale yalikuwa ya kweli? Mimi sioni faida ya kubishana juu ya hilo, ingawa watu wanabishana bado. Huenda yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini tarehe 3 Mei, mbele ya wabunge, alianza kuyapunguza aliyoyaahidi. Na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa katika nyumba zao za kulala. Kati ya machozi na damu ni siku 18 tu. Mzazi mwenye mtoto Lubumbashi hakusaidiwa na machozi yale.

Lakini ninyi mliohamishwa, asili iliwagusa kwa njia nyingine, isiyoonyeshwa kwenye televisheni: njia ya sheria. Tarehe 5 Januari 1972 Mobutu alitia sahihi sheria iliyowapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi, ikiwa walikaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Tarehe 29 Juni 1981 mkono ule ule ukatia sahihi sheria nyingine iliyoufuta uraia huo. Sasa ili uwe mzaire kwa asili, lazima mababu zako wawe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya inchi tarehe 1 Agosti 1885.

Hebu tuitazame tarehe hiyo. Nani aliichagua? Ni siku ambayo Leopold II, mfalme aliyekuwa hajakanyaga udongo wa Kongo hata mara moja, aliyaandikia mataifa juu ya mipaka ya dola lake. Kiongozi aliyetukataza jina la Joseph alikwenda kuchukua kipimo cha asili yetu katika karatasi za Leopold.

Karatasi hiyo ilizaa. Wakubwa wa siasa walipoanza kugombania viti, kila mmoja alikwisha kujifunza njia: kupaza sauti juu ya nani mwenyeji wa kweli. Katanga, miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa palepale, waliitwa «bilulu», yaani wadudu, na maelfu kwa maelfu walilala miezi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, huko Walikale, yakaenea Masisi. Waliosema maneno yale hawakulala kituoni.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Kikwembe cha mkubwa usikitazame sana, wala lugha yake, kwa maana vyaweza kuazimwa kwa siku moja. Muulize ametia sahihi nini. Muulize, neno analosema hapa, angalisema vilevile mbele ya wale wa ng'ambo ya mto? Na akisema «sisi wenyeji», mwombe awataje kwa wazi wale ambao si «sisi», na kwamba anataka waende wapi. Nanyi machefu, swali hili ni lenu pia, mkiitwa kusimama kando yake mkutanoni.

Sheria ya 1981 haitumiki tena. Ile ya tarehe 12 Novemba 2004 inatazama makabila yaliyokuwa hapa wakati wa uhuru, mwaka 1960. Juma lijalo, saa hii hii, tutaisoma kifungu kwa kifungu. Mwenye karatasi ya zamani ya kuzaliwa, hata iliyochanika, aishike mkononi tukisoma.