Ligi ya Pili kwa Ukubwa na Sisi wa Nassa



Simba na Yanga wanatuchukulia muda mwingi, tukasahau ligi iliyo chini yao. Wazee bado wanaiita Daraja la Kwanza, ingawa tangu 2021 inaitwa Championship. Ina timu 16, na mbili za juu hupanda Ligi Kuu moja kwa moja.

Mabingwa wake wa karibuni ni JKT Tanzania (2023), KenGold ya Chunya (2024) na Mtibwa Sugar (2025). KenGold ilidumu Ligi Kuu msimu mmoja tu, ikashuka.

Kwetu sisi, habari kubwa ya 2024 ilikuwa mshindi wa pili, Pamba Jiji. Kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, Nassa ilikuwa Magu, Mkoa wa Mwanza, kwa hiyo Pamba ilikuwa timu ya mkoa wetu, tena yenye jina la zao lililosomesha wengi wetu. Ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1990. Iliposhuka 2001, ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 23. Kuna watu wazima Nassa ambao hawakuwahi kuiona ikicheza huko.

Ligi hii ina aibu zake pia. Februari 2016, siku moja, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0, washindi wote wawili wakigombea nafasi ileile ya kupanda. TFF ikawaadhibu kwa kupanga matokeo, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Mwaka uliofuata Mbao hiyohiyo ilifika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Simba 2-1. Ilistahili kupanda, au siyo?

Mwaka 2018 zilipanda timu sita, zikiwemo Alliance ya Mwanza na Biashara United ya Musoma. Ni ncha mbili za barabara yetu. Basi linalotoka moja kwenda nyingine lazima lipite Nyashimo na Lamadi. Lakini Simiyu yenyewe haijawahi kupeleka timu Ligi Kuu.

Tusiseme ni kwa sababu hatuna mgodi wala jeshi. Stand United ya Shinyanga ilianzishwa na watu wa stendi ya mabasi, wapiga debe na wenzao, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014.

Ngazi inaanzia ligi ya wilaya, yaani hapa Busega, ndipo mkoa, mabingwa wa mikoa, na kuendelea. Hatua ya kwanza inadai vitu vidogo: ada ya usajili, jezi, mipira, nauli, na uwanja ambao ng'ombe hawapiti katikati ya mechi.

Kwenye fomu ya ahadi, mstari wa michezo uko chini kabisa, baada ya zahanati na madawati. Tunaomba usiuruke.