Mimea, bakteria vyatumika kuokoa udongo wenye sumu ya metali

UDONGO uliochafuliwa na metali nzito kama risasi, kadmiamu, nikeli na shaba haujisafishi wenyewe. Mafuta yakimwagika ardhini huweza kuozeshwa na vijidudu, lakini metali haiozi. Huweza tu kuondolewa au kuzuiwa mahali ilipo. Kwa kuwa kuchimba na kuhamisha udongo ni gharama kubwa, wanasayansi wamegeukia mimea na bakteria wanaoishi kwenye mizizi.

Zipo njia mbili kuu. Katika ya kwanza, mmea hufyonza metali na kuihifadhi katika majani, ambayo huvunwa na kuondolewa. Mimea yenye uwezo huo ni michache. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitangaza kuwa mmea wa jamii ya kangaga uitwao Pteris vittata hufyonza aseniki kwa wingi.

Njia ya pili ni kuifunga metali ardhini. Mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake uliacha sehemu ya ardhi ya jirani, eneo la Penga Penga, ikiwa tupu. Watafiti walipanda huko nyasi za asili za Katanga, Microchloa altera, zilizozoea udongo wenye shaba, baada ya kutia chokaa na mbolea ya mimea iliyooza. Chokaa hupunguza tindikali, mbolea hunasa metali, na nyasi huzuia vumbi na mmomonyoko.

Bakteria husaidia kwa namna kadhaa. Baadhi hutoa homoni za kukuza mizizi. Wengine hupunguza ethilini, gesi ambayo mmea ulioathirika huitoa kwa wingi na ambayo hudumaza mizizi. Wapo pia wanaoilegeza metali ili ifyonzwe kwa urahisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, bakteria aina ya Microbacterium arabinogalactanolyticum waliongeza nikeli iliyofyonzwa na mmea Alyssum murale kwa takriban asilimia 32.

Hata hivyo, faida hiyo huweza kugeuka hasara. Pale lengo linapokuwa kuifunga metali, bakteria wa kuilegeza huweza kuifanya ipenye hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kwa sababu hiyo, bakteria huchaguliwa kulingana na njia inayotumika.

Kazi hii huchukua miaka mingi, na haifiki chini kuliko mizizi. Majani yaliyovunwa hayafai kulishwa mifugo wala kufanywa mbolea, kwani metali ingerudi shambani. Aidha, nyasi kustawi si ithibati kuwa udongo umepona. Mboga za majani, ambazo hufyonza kadmiamu kwa urahisi, hazipaswi kupandwa hapo kabla udongo haujapimwa.