Bustani Yako Iko Mita Ngapi Juu?

Ukiagiza mbegu za maua kutoka Marekani, pakiti itakuambia zinafaa kanda ya 9 hadi 11. Unatafuta ramani yenyewe, unaikuta ina rangi kibao, na bado hujui Embakasi ni kanda gani wala hiyo namba itakusaidia nini.

Ramani hiyo ilitolewa mwaka wa 1960 na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Inapima kitu kimoja tu: usiku wa baridi kali zaidi katika mwaka, kwa wastani wa miaka mingi. Kule mmea ukivuka majira ya barafu, umepona. Sisi, ukitoa sehemu za juu kama Kinangop ambako umande huganda na kuchoma viazi, barafu haitusumbui. Kinachoua mimea yetu ni kiu.

Wazo lenyewe la kanda ni la kitambo. Mwaka wa 1802 Alexander von Humboldt, Mjerumani, alipanda mlima Chimborazo huko Ecuador. Miaka mitano baadaye akachapisha mchoro wa mlima huo, kila mmea umeandikwa jina lake kwenye kimo unakoota. Wladimir Köppen, aliyesomea mimea, akaja kugawa dunia nzima kwa joto na mvua, akitumia mimea kuamua mipaka iwe wapi.

Lakini Wataita hawakungoja mchoro wa mtu. Tangu zamani familia moja ililima vipande kadhaa, vingine juu milimani kwenye ubaridi, vingine chini karibu na nyika. Mvua ikikosa huku, unavuna kule. Hiyo ni ramani ya kanda, ila imeandikwa kwa jembe.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na shida nyingine. Treni zilichoma kuni, na miti ya kiasili hukua polepole. Ndiyo maana Nairobi Arboretum ilianzishwa mwaka wa 1907: uwanja wa kujaribu miti ya kigeni, kuona ni ipi itakubali hapa. Swali lao kubwa lilikuwa mti unakua kwa haraka kiasi gani. Mkaratusi kutoka Australia ulifaulu huo mtihani vizuri sana, ukasambaa nchi nzima. Suala la maji unayokunywa lilikuja kusumbua baadaye. Mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Karibu karne nzima, na bili ikaletwa kwa wajukuu.

Ramani inayotufaa ilikuja miaka ya 1980. Ralph Jätzold na Helmut Schmidt waligawa Kenya kwa kimo na unyevu, halafu kanda wakazipa majina ya mazao: kanda ya chai na maziwa, kanda ya kahawa, kanda ya pamba, na kule Pwani kanda ya minazi na mihogo. Kimo kinaingia kwa sababu kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana mnazi unaozaa Kilifi ukiupanda Nairobi utakaa tu.

Sasa rudi mtaani. Nairobi yenyewe si kanda moja. Upande wa Karen uko juu zaidi, mvua ni nyingi na udongo ni mwekundu. Embakasi iko chini, ni pakavu, na udongo mweusi hupasuka jua likiwaka. Wauzaji wa miche kando ya barabara humwagilia kila siku, kwa hivyo pale kila kitu kinapendeza. Ukifika nacho kwa ploti ambako maji hununuliwa kwa mtungi, utaanza kulipia kiangazi kutoka mfukoni kila wiki.

Kwa hivyo kabla hujalipa, angalia kimo cha mtaa wako, simu itakuonyesha. Muulize muuzaji mmea huo hutoka sehemu gani, na hukaa siku ngapi bila maji. Halafu tembea hapo jirani mwezi wa Februari, kabla mvua ndefu hazijaanza, uone ni nini bado kina majani mabichi na hakuna anayekimwagilia. Hicho ndicho uanze nacho.