Mapito ya Biti: Istilahi Inayoamua Bei ya Programu

Seremala wa ridhaa akishanunua mashine ndogo ya CNC, yaani ruta inayoongozwa na kompyuta, swali linalofuata ni la programu. Matangazo humwonyesha michoro ya kuvutia, lakini mashine haisomi mchoro. Inasoma orodha ya amri za mwendo: biti ianzie wapi, ishuke kiasi gani, iende kwa kasi ipi, itokee wapi. Mwendo huo mzima napendekeza tuuite mapito ya biti.

Ingewezekana kusema “njia ya zana”, ila zana ni pamoja na randa, patasi na nyundo, na kinachokata hapa ni biti peke yake. Njia nayo ipo hata asipokuwepo mpitaji. Mapito yanamdai mpitaji, tena hubeba wingi: plaiwudi ya mm 18 haikatwi kwa mkupuo mmoja, na biti ikishuka mm 3 kila mara itapita palepale mara sita. Waumini watakumbuka kwamba mapito ni majaribu pia. Aliyewahi kuvunja biti hatabisha.

Tuchukue duara la kipenyo cha mm 100 na biti ya mm 6. Kitovu cha biti kikifuata mstari wenyewe, biti italamba mm 3 pande zote, na kisahani kitatoka na mm 94. Ili kipatikane cha mm 100, mapito yasogee nje ya mstari kwa nusu ya unene wa biti, yawe duara la mm 106. Kama unataka tundu la mm 100, yasogee ndani kwa kiasi hichohicho. Kwenye pembe ya ndani ya mraba hesabu hazisaidii kitu: biti ni ya mviringo, itaacha pembe butu, na hapo utarudi kwenye patasi.

Hesabu hizi ndizo unazonunua. Kuchora hakuna gharama, maana Inkscape ni ya bure. Kutuma amri kwenye mashine nako ni bure: Universal Gcode Sender inaelewana vizuri na grbl, programu ya kuendesha mota iliyoanza 2009 kwenye bodi za Arduino na sasa imo katika mashine nyingi ndogo. Uzito uko katikati, pale mchoro unapogeuzwa kuwa msimbo wa G, yaani zile amri za mwendo. Mstari kama G1 X50 Y20 F1200 unaiambia biti ikate kwa mwendo ulionyooka hadi mahali hapo, kwa kasi ya mm 1200 kwa dakika. Vidhibiti vya mashine navyo vina lahaja zao, kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei uliza kwanza kama programu ina kitafsiri cha kidhibiti chako.

FreeCAD, programu huria iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2024, inachora na kupanga mapito bila malipo. Ina ugumu wa kujifunza, sikufichi. Fusion ya Autodesk hutoa leseni ya bure kwa matumizi binafsi, lakini tangu 2020 leseni hiyo imenyimwa mwendo wa haraka: hata biti ikiwa hewani hutembea kwa kasi ya kukatia. Isitoshe, ina kikomo cha mapato, hivyo anayeuza vibao vya majina aisome kabla hajajizoesha nayo.

VCarve ya Vectric hulipiwa mara moja, na wepesi wake unaonekana kwenye herufi na nakshi zinazochongwa kwa biti ya ncha kali, ambapo kina hubadilika kadiri mstari unavyopanuka. Toleo lake dogo, Desktop, lina mpaka wa kazi ya inchi 25 kwa 25, kama mm 635 kila upande. Asiyetaka kulipa anaweza kuchonga herufi za namna hiyo kwa F-Engrave, ambayo ni ya bure.

Kwa rafu, masanduku na viti, anza na FreeCAD. Nunua VCarve pale tu nakshi itakapokuwa kazi yako ya kila wiki. Hadi hapo, fedha hizo zitumie kununua biti nzuri, miwani ya usalama na kifaa cha kufyonza vumbi.