Nguo za kubeba unapozuru bustani za burudani Orlando msimu wa joto

MWEZI wa Agosti, wanafunzi wa Kenya wakiwa likizoni na wakazi wa Nairobi wakiwa wangali wamejifunika majaketi, jiji la Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, huwa limo katika kilele cha joto. Familia inayofunga masanduku kwa kutazama hali ya anga ya nyumbani hujipata imesafiri na mzigo isioweza kuuvaa.

Orlando hutembelewa na mamilioni ya watu kutokana na bustani zake za burudani. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, na sasa ina bustani kubwa nne: Magic Kingdom, Epcot (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Jirani yake ni bustani za Universal, ya kwanza ikiwa ilifunguliwa mwaka wa 1990, na Epic Universe ikafunguliwa Mei 2025.

Mgeni katika bustani hizi hushinda nje kutwa nzima, akitembea kilomita kadhaa na kusimama kwenye foleni ndefu. Kwa hivyo, vazi si suala la kupendeza kwenye picha tu. Ni suala la afya, hasa kwa watoto na wazee.

Joto la aina gani?

Kati ya Juni na Septemba, joto la mchana Orlando hufikia takriban nyuzi 33 za Selsiasi, na usiku halishuki sana chini ya nyuzi 23. Msomaji wa Mombasa huenda akasema kwamba hilo si geni kwake. Hata hivyo, Orlando haiko ufuoni, na upepo wa bahari unaompoza mkazi wa Pwani haufiki huko kwa nguvu. Isitoshe, sakafu za saruji na lami hurudisha joto mwilini kutoka chini.

Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka kwenye ngozi. Hewa inapojaa unyevunyevu, jasho hukawia kukauka, hivyo basi mtu hulowa bila kupata nafuu. Kazi ya nguo katika mazingira hayo ni kuruhusu hewa ipite na jasho litoke.

Vitambaa vinavyofaa

Chagua nguo nyepesi, pana kidogo na zenye rangi isiyokoza. Kitani hupitisha hewa vyema. Pamba nyepesi pia ni nzuri, lakini fulana nzito ya pamba hufyonza jasho, ikawa nzito na kukawia kukauka. Fulana za michezo zilizofumwa kwa nyuzi maalumu zinazokauka upesi huwafaa wanaotembea sana.

Acha nyumbani suruali za jinzi. Zikilowa hazikauki hadi jioni, na huchubua mapaja. Kaptura, sketi pana au suruali nyepesi zinatosha. Wanaopatwa na michubuko mapajani wavae kaptura laini ya kubana ndani ya sketi au rinda.

Wazazi wakumbuke kwamba watoto wadogo hupata harara upesi wanapovishwa nguo nzito au za kubana. Mtoto abebewe nguo za kubadilisha kila siku, hata kama amekwisha kuacha nepi.

Kofia yenye ukingo mpana hukinga uso, masikio na shingo. Iwe na kamba ya kufunga kidevuni au iweze kukunjwa na kutiwa mkobani, kwa kuwa vigari vinavyoteremka kwa kasi huzipeperusha kofia. Ngozi nyeusi nayo huumizwa na jua, kwa hivyo mafuta ya kukinga jua ni ya kila mtu.

Viatu ndivyo msingi

Wengi wanaokatiza matembezi hushindwa na miguu. Beba jozi mbili za viatu ambavyo tayari umevizoea, na uvivae kwa zamu ili jozi moja ikauke. Kiatu kipya kinachovaliwa mara ya kwanza siku ya matembezi huleta malengelenge kabla ya adhuhuri.

Raba nyepesi na sandali zenye mikanda ya kushika kisigino zinafaa. Ndara zinazochopoka ni za kidimbwi cha kuogelea, wala si za kutembea kutwa. Soksi zizidi idadi ya siku, na jozi moja ya akiba iwe mkobani kila siku.

Mvua na baridi ya ndani

Alasiri nyingi za msimu huu huwa na mvua ya radi na ngurumo. Radi inapokaribia, michezo ya nje husimamishwa, na watu hukimbilia ndani. Kila mmoja awe na koti jepesi la mvua linalokunjika. Mwavuli ni wa taabu kwenye umati, na wala si kinga dhidi ya radi. Vilevile, msimu wa vimbunga vya Bahari ya Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na ni busara kufuatilia utabiri wa hali ya anga.

Jambo linalowashangaza wageni ni baridi ya ndani. Mikahawa, kumbi za maonyesho na maduka huwa na viyoyozi vikali, na aliyelowa jasho au mvua huanza kutetemeka. Sweta moja nyembamba kwa kila mtu inatosha. Leso ya nyumbani pia ni msaada mkubwa, kwani hufunika mabega, hufuta jasho, hutandikwa chini na hukauka haraka.

Kanuni za bustani

Disney hairuhusu nguo zinazoburura ardhini, wala mavazi yenye maneno au picha za kuudhi. Watu wa miaka 14 na zaidi hawaruhusiwi kuvaa mavazi ya kuigiza wahusika. Kwa akina mama wanaovaa buibui, muhimu ni kwamba kitambaa kiwe chepesi na pindo liwe juu ya vifundo, jambo ambalo pia huzuia kujikwaa kwenye vyombo vya michezo.

Katika bustani za maji, nguo za kuogelea zenye zipu nene, bizimu au vifungo vya chuma hukataliwa kwenye mitelezo. Baadhi ya michezo ya Universal nayo hairuhusu mikoba, na mgeni hutakiwa kuifungia kabatini. Hivyo, mfuko wa kaptura wenye zipu hufaa kwa kuhifadhi fedha na funguo.

Atakayezuru Animal Kingdom atakuta Harambe, kijiji cha kubuniwa cha Afrika Mashariki chenye mabango ya Kiswahili. Matembezi ya kuona wanyama hapo hufanywa kwa gari lililo wazi pande zote, na joto huwa lile lile la nje.

Idadi ya nguo

Kwa wiki moja, mtu mzima anaweza kubeba fulana au blauzi nane, kaptura au sketi nne, nguo za ndani 10, soksi jozi 10, mavazi mawili ya kuogelea, sweta moja, koti la mvua na vazi moja la heshima la jioni. Ongeza fulana moja kwa siku ikiwa hutaki kufua. Hoteli nyingi za huko zina mashine za kufulia, na kufua mara moja katikati ya wiki hupunguza mzigo.

Tia pia mfuko wa kitambaa kisichopenyeza maji kwa ajili ya nguo mbichi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, na haifai kurudi nayo nyumbani.

Sanduku kubwa linaweza kuchelewa, kwa hivyo vazi kamili la siku moja, dawa na nguo ya kuogelea viwe kwenye mkoba wa mkononi. Mafuta ya kukinga jua yakizidi mililita 100 yatiwe kwenye sanduku kubwa.

Hata nguo bora haitoshi bila maji na kivuli. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu, apelekwe penye ubaridi, alegezwe nguo na apewe maji. Akichanganyikiwa au kuzirai, asinyweshwe chochote. Apozwe kwa maji mwilini na msaada uitwe mara moja kwa nambari 911, kwani kiharusi cha joto huua.