Kiwanja cha gofu ya visahani mlimani

Kiwanja cha gofu ya visahani mlimani ni uwanja wa kurusha visahani vya plastiki kutoka kituo hadi kapu la minyororo, kwa mirusho michache iwezekanavyo, uliojengwa katika miteremko ambayo majira ya baridi hutumiwa kwa kuteleza juu ya theluji. Kiwanja cha kwanza cha kudumu cha mchezo huu kiliwekwa Oak Grove, California, mwaka 1975, kwa juhudi za Ed Headrick, mbunifu wa kapu hilo. Na milima ya theluji, ambayo wakati wa joto hupungukiwa na wageni, iliukaribisha, hata Smugglers' Notch, Vermont, ikaandaa mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2018 na 2023.

Kazi iliyo ngumu hasa si kusimika makapu, bali ni kuyatawala maji, kwani njia iliyokanyagwa kufuata mteremko hugeuka mfereji baada ya mvua chache, mizizi ikabaki wazi. Kwa hiyo mafundi hulaza gogo kwa mshazari katika njia, maji yapate kutokea pembeni penye majani, na kapu huhamishwa mara kwa mara ili ardhi ipumzike. Shinyanga, Tanzania, haina theluji, lakini hekima hii ya kuipumzisha ardhi si ngeni huko: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanzishwa mwaka 1986, ulihuisha ngitili, desturi adhimu ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika na kuifungulia mifugo wakati wa kiangazi.